Nimeswali istikhara sijaota kitu, niende Muscat au nibaki?

kijana_wa_konde
Asalam aleikum wana jamvi. Mie nasomesha skuli huku Pemba kwa kujitolea, posho ikija inakuja ikikawia ndo basi tena, sasa binamu yangu yuko Muscat kanitafutia kazi dukani na tajiri wake kasema viza anatoa yeye. Mzee wangu keshatangulia mbele ya haki, mama yupo na wadogo zangu, na mikarafuu alotuachia mzee msimu ukifika kama hakuna wa kusimamia basi wanachuma wezi. Nimeswali istikhara, ile swala ya kumuomba Mungu akuchagulie lenye kheri, siku kadhaa sioni ndoto wala nini, nalala fofofo mpaka alfajiri. Halafu siku nilotaka kuvuka Unguja kufuatilia pasipoti boti ikazuiliwa kwa upepo, shangazi akanambia hilo ndo jibu, Mungu kashakataa. Kila nnomuuliza ananambia mwachie Mungu. Sawa namwachia, lakini binamu anataka jibu mwezi huu, sasa kumwachia Mungu ndo nifanye nini hasa?

bint_mkoani
Waaleikum salaam. Yakhe, siku hiyo si walikosa safari watu wote bandarini, na wagonjwa wa rufaa wa hospitali ya Mnazi Mmoja Unguja wamo, na wao Mungu kawakatalia matibabu? 😂 Kusi likivuma linamvumia kila mtu.

abuu_wete
Ndugu yangu, hayo ya ndoto kwenye hadithi hayamo. Hadithi ya Jabir bin Abdillah iliomo kwenye Bukhari inasema mtu akiazimia jambo aswali rakaa mbili zisokuwa za faradhi kisha aombe, na ndani ya dua ulitaje jambo lako, kama lina kheri na dini yako na maisha yako uwepesishiwe, kama lina shari liepushwe nawe na wewe uepushwe nalo, na uandikiwe kheri popote ilipo kisha uridhike nayo. Basi. Hakuna pahala uliambiwa usubiri kuota kijani au nyekundu. Sie wengi tunaswali istikhara ili tusiamue, tunataka tuamuliwe.

Na Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipokuwa anaelekea Shamu, kufika pahala paitwapo Sargh akaambiwa mbele kuna tauni. Hakusema tawakal, tumwachie Mungu tuingie. Akawaita Muhajirina, wale waliohama Makka, wakakhitalifiana, akawaita Ansari, wenyeji wa Madina, vilevile, akawaita wazee wa Kikureishi ndo wakakubaliana wote arudi. Abu Ubaida, mkuu wa jeshi huko Shamu, akamuuliza, unakimbia kadari ya Mungu? Akajibu naam, tunakimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Sasa wewe umewauliza akina nani? Mama mwenyewe kasemaje, mbona hujaandika?

mama_swaum
Hapo kwa mama ndo penyewe. Na msimcheke huyo shangazi, mtu mzima hawezi kukwambia waziwazi usimwache mamako peke yake, anapitishia kwenye boti. Mwanangu nenda kakae na mamako jikoni, si kwa simu, muulize anaogopa nini. Pengine atakwambia nenda, hela ya skuli ya wadogo zako itatoka wapi, hiyo posho? Na mikarafuu mnaweza kumpa mjomba asimamie kwa makubaliano ya maandishi mbele ya sheha, ndugu ni ndugu lakini karafuu ina hela.

bint_mkoani
Na mkataba jamani! Mshahara kiasi gani, tiketi ya kurudi nani analipa, pasipoti anakaa nayo nani, likizo ipo au haipo. Pita na Kamisheni ya Kazi ukaulize kabla hujasaini. Kufunga ngamia kwanza kisha ndo umwachie Mungu, ndo huko.

kijana_wa_konde
Mama sijamuuliza sawasawa, nilimwambia juujuu tu akanyamaza, na mie nikaona kanyamaza basi karidhia. Leo baada ya isha ntakaa nae. Mkataba binamu kanitumia picha ila Kiarabu kitupu, na mie Kiarabu changu ni cha chuoni tu. Kuna wa kunisomea?

abuu_wete
Nitumie inboksi, kurasa zote lakini, na ya mwisho yenye saini.