Riwaya ya chama cha siri chuoni: nimfanyeje msomaji aamini?

Kalamu Mbichi:
Wakuu, naandika riwaya kuhusu binti wa mwaka wa kwanza chuoni, kichwa kwelikweli darasani, baba amefariki, anaingizwa kwenye chama cha siri. Nimekwama kwenye sura ya kiapo. Mishumaa ipo, majoho yapo, damu ya kidole ipo, lakini binti mwenyewe simwamini. Mwenye akili hivyo anakubalije kufungwa kitambaa machoni na watu asiowajua?

Msomaji Mkongwe:
Ndugu, irekebishe sura iliyotangulia kiapo. Vyama hivi huwa haviombwi nafasi, vyenyewe ndivyo vinavyochagua. Skull and Bones, chama cha siri cha Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, kilichoanzishwa 1832, kwa desturi huteua wanafunzi 15 tu kwa mwaka. Chuo kizima kile, watu 15! Aliyeteuliwa anachotaka kujua ni wameona nini kwake. Basi mtafutie binti yako mtu wa mwaka wa tatu anayemwita kwa jina kabla hawajatambulishana. Amrudishie insha ambayo mhadhiri aliipa alama za chini, na pembeni kwa penseli pawe pameandikwa: "Hakukuelewa. Sisi tumekuelewa." Kwa mtoto aliyezoea kusifiwa na baba ambaye hayupo tena, hayo maneno ni mazito mno. Kitambaa atakifunga kwa mikono yake.

Binti Hadithi:
Naunga mkono, ila damu ningeitoa kabisa, tumeshaizoea. Na tafadhali, chama kisiwe kiovu tangu ukurasa wa kwanza. Mwandishi Wole Soyinka na wenzake sita walianzisha chama cha Pyrates pale chuoni Ibadan, Nigeria, mwaka 1952, wakipinga ukabila na majivuno ya kitabaka chuoni. Miaka ikapita, vikazuka vikundi vingine katika vyuo vya Nigeria, vingine vya mapanga na bunduki, hadi mwaka 1999 wanafunzi wakauawa usiku bwenini Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo. Kiapo cha binti yako kiwe juu ya jambo ambalo hata mimi ningeliapia.

Kalamu Mbichi:
Dada, hapo umenifungua macho. Sasa mama yake ajue lini?

Msomaji Mkongwe:
Asijue. Mama apige simu jioni ile, binti amjibu kwamba yuko maktaba. Uongo wake wa kwanza kwa mama, na mdogo tu. Andika simu hiyo kwanza, kiapo kitafuata.