Mbunge wetu anamwogopa nani, sisi au chama?

Wakuu, habari za jioni. Jana pale soko la Kilombero, Arusha, kwenye benchi la muuza kahawa, mzee mmoja anayeuza viazi alisema neno lililonikaa: "Hawa wabunge ni waoga, wakifika Dodoma wanasahau bei ya mbolea." Sikukubaliana naye, na kahawa iliisha ubishi haujaisha. Naombeni tuumalizie hapa.

Mimi nasema woga huo umeandikwa kwenye Katiba. Ibara ya 67 inamtaka mgombea ubunge apendekezwe na chama. Ibara ya 71 inasema akikoma kuwa mwanachama wa chama hicho, ubunge umekwisha. Sisi tunampa miaka mitano, lakini kikao cha chama kinaweza kuikata katikati.

Itazameni siku ya kura ya bajeti. Miswada mingine hupita kwa sauti, "ndiyooo" ya ukumbi mzima, na huwezi kujua nani alinyamaza. Bajeti wanaitwa jina moja moja, kila mtu anajibu akisikika. Na Bunge likiikataa, ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja, wote warudi kuomba kura. Mtu ana deni la kampeni na kura za maoni za chama zinamsubiri. Atasema hapana?

Uingereza mwaka 2019 wabunge 21 wa Conservative waliipinga serikali yao kuhusu Brexit, yaani kujitoa Umoja wa Ulaya. Chama kiliwaondoa kwenye kundi lake bungeni, lakini viti vyao walibaki navyo hadi uchaguzi. Hapa kwetu akivuliwa uanachama, anafungasha.

Mdau wa Moshi: Kaka, umeona upande mmoja tu. Mimi ni wa Siha. Mwaka 2015 tulimchagua Godwin Mollel kwa tiketi ya Chadema. Desemba 2017 akajiuzulu, akahamia CCM, na Februari 2018 akarudi bungeni kwa uchaguzi mdogo. Monduli nao, Julius Kalanga alifanya hivyo hivyo mwaka huo huo. Sasa ukilegeza hiyo ibara ya 71, si watahama na viti vyetu mfukoni? Wengine tulipigia kura chama, sura ya mtu baadaye.

Mama wa Sombetini: Mbona walishawahi kukaidi? Mwaka 1993 wabunge 55 wa CCM walidai serikali ya Tanganyika, Mwalimu mwenyewe akapinga. Mwaka 2008 kamati ya Mwakyembe ilisoma ripoti ya mkataba wa umeme wa Richmond, na Lowassa, mbunge wa hapo Monduli, akaachia uwaziri mkuu. Katiba ilikuwa hii hii. Mimi naona wanathubutu wakiwa wengi, au wakubwa wao wakiwa wamegawanyika. Mmoja peke yake ndiye anayeumia.

Mwanzisha mada: Shikamoo mama. Hilo la wingi nalikubali kabisa, na ndilo linalonisumbua: mbunge wa jimbo moja lenye shida yake peke yake atapata wapi wenzake 54?

Mdau wa Moshi, hofu yako ni ya haki. Lakini angalia, ibara hiyo haikumzuia anayehama, maana chama kipya kilimpokea na kumsimamisha tena. Inambana yule anayetaka kubaki na kusema hapana. Halafu wale wabunge 19 wa viti maalumu waliofukuzwa na Chadema mwaka 2020 waliendelea kukaa bungeni, kwa hiyo hata makali yake hayakati sawasawa.

Pendekezo langu: anayefukuzwa kwa kura aliyopiga, turudi sanduku la kura, na aruhusiwe kugombea bila chama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapa hapa Arusha, ilishaamua Juni 2013 katika kesi ya Mchungaji Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki. Mdau wa Moshi, ukiwekewa mtu wa namna hiyo kwenye karatasi ya kura pale Siha, utamsikiliza au utatafuta nembo ya chama?