Pijo 504 nyeupe, Nakuru: NC, 2K bila klia, au rangi na klia?

PijoYaBahati
Wadau, nina Pijo (Peugeot) 504 saluni nyeupe. Bodi imeshanyooshwa na sehemu zilizooza chini zimechomelewa upya, imebaki rangi tu. Fundi wa kwanza mjini anasema NC (rangi ya nitroselulosi) inatosha. Wa pili anataka 2K, ile inayochanganywa na hadina (kigumishi). Wa tatu anaapa kwamba bila klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, gari halitang'aa, na kila mmoja anamcheka mwenzake. Silipeleki kwenye maonyesho. Nataka la kwendea kanisani Jumapili na Eldoret mara moja moja, ila lifanane na lilivyotoka kiwandani. Litapuliziwa uani kwa fundi, chini ya mabati. Mngepiga ipi?

SpreaKondele
Kaka, kwanza jua kilichoko chini. Chovya kitambaa cheupe kwenye thina ya NC, kibandike mahali pasipoonekana, ndani ya buti kwa mfano, kwa dakika moja hivi, halafu usugue. Rangi ikiyeyuka na kuchafua kitambaa, hiyo ni NC au akriliki ya zamani. Ikijikunja na kuinuka, huenda ni enameli (rangi ya mafuta). Ikikataa kabisa, ni 2K au ile ya kiwandani iliyookwa kwenye tanuri. NC juu ya enameli ni balaa: thina inaitafuna ya chini na kazi yote inakunjamana fundi akiwa bado ameshika gani (bunduki ya kupulizia rangi). Ikifika hapo ni kukwangua tu.

Mzee_wa_404
Vijana mnaidharau NC bure. Kabla Duco ya DuPont haijaingia kwenye magari miaka ya 1920, gari lilikuwa linakaa kiwandani wiki nzima na zaidi likingoja rangi ikauke. NC hukauka thina ikishakimbia, basi. Kwa kazi ya uani hiyo ni neema, maana vumbi la Nakuru halipati muda wa kuzama. Likitua, unapitisha msasa wa maji namba 1500, unapiga kompaundi (dawa ya kusugulia rangi ing'ae), yameisha. Na ukikwaruzwa mwaka ujao, rangi mpya inayeyukiana na ya zamani, kiraka hakionekani. Tabaka ni nyingi, sikatai, na usimwage petroli kwenye mdomo wa tangi, inaila rangi.

SpreaKondele
Heshima yako mzee, lakini huko kwenu hewa ni kavu. Hapa Kisumu mvua ya alasiri ikinukia, NC inapata ukungu mweupe. Thina ikikimbia inapoza bati, na unyevu wa hewani unatua juu ya rangi mbichi. Tunatumia thina ya polepole, au tunafunga kazi hadi kesho.

KijanaNaivasha
Mimi ni rangi na klia. Nataka stika za rally ziwe chini ya klia zisibanduke. 504 ilishinda Safari Rally 1975 na 1978!

Mzee_wa_404
Ile ya 1978 ilikuwa kupe ya V6. Ukibandika namba yake kwenye saluni tutakucheka Naivasha nzima. Tumia ya dereva Ove Andersson, ya 1975.

AnyangoGereji
Kwa stika, klia nakubali. Kwa kung'aa, hapana. Klia inahitajika kweli kwenye rangi yenye chembe za metali. Nyeupe isiyo na chembe haihitaji, na Pijo za enzi hizo za rangi kama hiyo hazikuwa nayo. Ukiipiga, gari litang'aa kama la juzi na sura yake ya asili itapotea. Tena jua letu halina huruma: klia iliyopigwa nyembamba huanza kuchubuka kwenye paa na boneti, na ikishachubuka hakuna polishi itakayoirudisha.

Ningepiga 2K bila klia. Rangi na mng'ao vinakuja pamoja, inavumilia petroli, na ikichakaa unaisugua. Ubaya wake ni kwamba inabaki mbichi muda mrefu kuliko NC, kwa hiyo vumbi litaingia. Mwagia maji sakafu, puliza asubuhi upepo haujaamka, na fundi atoe maji kwenye kompresa kabla ya kuanza. Tone moja likipita kwenye gani utaliona boneti nzima.

Jambo moja sipendi mafundi wanavyolichukulia: hadina ya 2K ina kemikali iitwayo isosayaneti, na ukiivuta unaweza kupata pumu ya kudumu. Anayepuliza anatakiwa kuvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Muulize fundi wako atavaa nini. Akikuonyesha leso, piga NC ya mzee.

PijoYaBahati
Asanteni. Nimejaribu kitambaa. Kwenye buti hakikuchafuka hata kidogo, lakini mlango wa kushoto uliyeyuka hadi nikaona rangi ya samawati chini! Barakoa ya bomba fundi wa pili anayo, nimeiona. Basi naelekea 2K bila klia. Mlango je?

AnyangoGereji
Kwangua mlango huo hadi bati, usihangaike kuufunika. Kisha praima (rangi ya chini ya kushikia) ya epoksi, kwa mlango na popote palipochomelewa. Na fila (ile ya kujazia mabonde ya bodi) isilale nje bila praima hata usiku mmoja wa mvua, inanyonya maji, halafu malengelenge utayaona baada ya miezi. Kwingineko sugua kwa msasa wa 400, rangi ipate pa kushika.

SpreaKondele
Na nyeupe haziko sawa. Anayechanganya rangi asilinganishe na paa lililopigwa na jua. Ng'oa kipande ambacho hakijawahi kuona mwanga, nyuma ya kitambaa cha mlango wa kulia au ndani ya buti. Achanganye ya gari zima kwa mkupuo mmoja, kopo la pili mara nyingi huja tofauti kidogo. Itakayobaki usiitie hadina. Ifunge vizuri, uiandike tarehe, itakufaa kwa mikwaruzo.