Kiki na besi ya kwaya: kompresa yenye saidicheni, ikwalaiza inayobadilika, au kuchora kwa mkono?

Mrekodi_Pasua (Moshi)
Ndugu zangu, ninachanganya wimbo wa kwaya wenye kasi ya mapigo 100 kwa dakika. Kiki (ngoma kubwa ya mguu) na gitaa la besi vinagombania eneo la hezi 60, yaani sauti nzito za chini, na kwenye spika za kanisani vinasikika kama mvumo mmoja. Nimeweka kompresa (kifaa cha kubana sauti inapozidi) kwenye besi na kuiamuru isikilize ngoma kupitia ingizo la pembeni, yaani saidicheni, ili ishushe besi kiki inapogonga, lakini sasa besi inapanda na kushuka kama mtu anayehema. Je, nihamie kwenye ikwalaiza inayobadilika, ile inayoshusha masafa fulani tu inapohitajika, au nichore kwa mkono kupanda na kushuka kwa sauti ya besi kwenye kompyuta?

Fundi_Njiro (Arusha)
Usiiache kompresa kabla hujatazama muda wake wa kuachia, yaani muda inaochukua kuirudisha sauti baada ya kuibana. Kwa kasi hiyo pigo moja lina milisekunde 600, hivyo muda wa kuachia ukifika 400 besi inarejea wakati kiki nyingine imekwisha kukaribia, na huko ndiko kuhema unakokusikia. Ningeanza na 120, uwiano wa 4 kwa 1 (kila desibeli 4 zinazozidi kiwango, itoke 1), nikishusha desibeli 3 tu. Katika singeli inayofika mapigo 200 kwa dakika, pigo lina milisekunde 300, kwa hiyo usikopi mipangilio ya wimbo mwingine.

Dada_Kinanda (Moshi)
Kaka, kiki iko kwenye treki yake? Kwaya nyingi hutuletea midundo ya kinanda ikiwa faili moja, na hapo kompresa husikia snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) na matoazi pia, ikaibana besi mahali pasipostahili. Weka kichujio kwenye ingizo la pembeni, ukate yote yaliyo juu ya hezi 100 au 120. Wimbo wenyewe hautapoteza chochote, kwa kuwa ishara ile inasikilizwa na kompresa peke yake. Kama besi nayo imo ndani ya faili hiyohiyo, mwombe mpiga kinanda atoe kila sehemu kivyake, maana hakuna saidicheni itakayozitenganisha.

Mrekodi_Pasua
Ngoma zote ni faili moja, dada. Besi ilipigwa baadaye, nashukuru Mungu.

Sikio_Sakina (Arusha)
Kwa besi iliyopigwa na mtu, mimi nasimama na ikwalaiza inayobadilika. Kompresa ya kawaida hushusha besi nzima, pamoja na mlio wa vidole kwenye nyuzi ambao ndio unaowasaidia waimbaji kushika noti. Ikwalaiza hushusha hezi 50 hadi 80 pekee, kila kiki inapogonga. Kuchora kwa mkono ni safi pale kiki isipobadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Midundo ya kinanda ina vipito (midundo ya kuunganisha sehemu za wimbo) kabla ya kiitikio, na mchoro unaojirudia utashusha besi hata pasipo na kiki.

Mrekodi_Pasua
Nimeweka kichujio cha hezi 100 na muda wa kuachia wa 120. Katika beti besi imetulia kabisa. Kwenye kiitikio, ambako sauti ya nne (waimbaji wa besi) huimba chini sambamba na gitaa la besi, mlio wa nyuzi bado unazama, kwa hiyo hapo ninaweka ikwalaiza.