Jiko la kuni la kupashia nyumba joto Lushoto: nianzie wapi?

BintiNgamiani: Shikamooni wakubwa. Mimi wa Tanga mjini, baridi nilikuwa naijua ya feni tu. Nimehamia Lushoto kikazi, na Julai hii vidole havishiki kalamu. Nyumba nimeikuta na jiko la chuma lenye dohani. Jirani yeye huingiza jiko la mkaa chumbani. Nifuate lipi?

MzeeWaMagamba: Marahaba mwanangu. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa, hapana! Hewa yake haionekani wala hainuki, na inaua watu usingizini. Jiko kama lako ninalo mwaka wa 22 sasa. Kazi yote iko kwenye kuni. Mwaka wa kwanza nilichoma mkaratusi mbichi: moshi, machozi, mama watoto akahamia kwa dada yake siku tatu. Siku hizi kuni za mwaka huu nilizipasua mwaka jana, nikazipanga bandani, juu bati, pembeni wazi upepo upite. Kuni kavu ukizigonganisha zinalia "ko!"; mbichi zinalia "bu". Msindano nawashia tu, unaisha upesi.

FundiBati: Dohani isafishwe kabla ya kipupwe, dada. Kuni mbichi huacha masizi ya lami humo. Yakishika moto, bomba linavuma kama lori linalopanda Soni.

BintiNgamiani: Sasa kuni kavu za leo nazipata wapi, babu?

MzeeWaMagamba: Njoo uchukue mizigo miwili. Pesa sitaki. Ukishuka Tanga niletee ng'onda.