Bei ya mafuta: misukosuko ya miaka ya 1970 na ya 2022 inalinganaje kwetu Nyanda za Juu Kusini?

Mchuuzi wa Uyole
Ndugu wanajukwaa, nanunua viazi mviringo Umalila na kuvipeleka Dar es Salaam. Mwaka 2022, petroli na dizeli zilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, wenye malori walipandisha gharama ya kusafirisha kila gunia, na kwa kuwa bei ya sokoni haikupanda kwa kasi hiyo, pengo likafidiwa kwa kumpunja mkulima shambani. Wazee wanasema miaka ya 1970 ilikuwa mibaya zaidi. Ubaya huo ulikuwa wa namna gani?

Mzee wa Tukuyu
Mwanangu, sisi tuliyakosa mafuta yenyewe. Baada ya vita vya Oktoba 1973 kati ya Israeli na Waarabu, nchi za Kiarabu zilipunguza uzalishaji, na pipa lililouzwa takriban dola 3 likafika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974, wakati ambapo ukame ulikuwa umetulazimisha kuagiza nafaka kwa fedha hizohizo za kigeni zilizotokana na kahawa, pamba na katani. Kisha mwaka 1979 mapinduzi ya Iran yalitukuta tuko kwenye Vita vya Kagera. Ikafika mahali magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Kijijini kwetu mashine ya kusaga ilisimama kwa kukosa dizeli, mama zetu wakarudi kwenye kinu, na kahawa ikabaki ghalani ikisubiri lori, ilhali hiyo kahawa ndiyo ingeleta dola za kununulia mafuta. Hilo linaniuma hadi leo.

Mwalimu wa Uchumi, Iringa
Shikamoo mzee. Naongeza kwamba siku hizi sheli zina mafuta, lakini mzigo unamfikia mwananchi moja kwa moja, kwa sababu bei kikomo za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, zinazotangazwa kila mwezi, hufuata soko la dunia na thamani ya shilingi, na sisi wa huku tunaongezewa gharama ya lori kutoka bandarini hadi kupanda mlima Kitonga. (Bomba la mafuta la TAZAMA, litokalo Dar es Salaam kwenda Zambia, limepita mikoani kwetu tangu 1968, lakini lilijengwa kwa ajili ya nchi hiyo.) Ruzuku ya mafuta ya shilingi bilioni 100 iliyotolewa Juni 2022 ilisaidia. Hata hivyo, kwa mkulima wa mahindi wa Mbozi au Njombe naona pigo kubwa lilikuwa mbolea: urea hutengenezwa zaidi kwa gesi asilia, na Urusi, iliyoingia vitani Ukraine mwaka huo, ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani, ndiyo maana msimu wa 2022/23 serikali ililazimika kuweka ruzuku huko pia.

Mchuuzi wa Uyole
Ahsanteni sana. Msimu ujao nitapatana na wakulima mapema, gharama ya lori kwa gunia iandikwe peke yake na ipande au ishuke kufuatana na bei ya dizeli iliyotangazwa, ili dizeli ikishuka nao wapate chao.