Nesi wa naiti kulala nusu saa kazini: uzembe au usalama wa mgonjwa?

Wakuu, kila baada ya muda inasambaa picha ya nesi kalaza kichwa mezani usiku wa manane, na chini yake matusi: hawa ndio tunaowalipa kwa kodi zetu. Mimi ni mmoja wao, huu mwaka wa tisa niko wodini, na naleta hoja ninayojua itanitafutia maneno. Tulale. Nusu saa, kwa zamu, iandikwe kwenye rosta, mwenzako akiwa macho na jina lake likijulikana.

Kabla hamjanirukia, njooni kwanza saa 10 alfajiri. Mpaka saa 6 usiku bado mtu unajiweza. Kufikia saa 9 joto la mwili limeshashuka na mwili unafunga duka, unywe kahawa usinywe. Chukua faili lolote uangalie maandishi ya saa hizo: yanaanza vizuri, yanateremka chini ya mstari kidogokidogo, neno la mwisho ni mkwaruzo tu. Aliyeandika alikuwa amekaa wima, kalamu mkononi. Alikuwa amelala.

Usiku mmoja, hospitali siitaji, nilikuwa nachanganya seftriaksoni ya mtoto, dawa ya unga ya kuua bakteria. Nikachukua ampuli, kile kichupa kidogo, ya maji ya sindano, nikaivunja, nikavuta kwenye bomba la sindano. Wakati naitupa ndipo nikasoma: potasiamu kloridi. Kwa asiyejua, hiyo ikisukumwa kwenye mshipa bila kuzimuliwa kwenye dripu inasimamisha moyo. Ampuli za maji na hizo zilikuwa trei moja, umbo moja. Nilikaa chini sakafuni. Sijamwambia mtu mpaka leo, maana kule ukisema umechoka unaandikiwa barua ya kujieleza.

Na si mimi tu mwenye kichwa kibovu. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, waliwapima watu waliokesha na waliokunywa pombe. Aliyekaa macho saa 17 alikuwa sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu; akifika saa 24, karibu asilimia 0.10. Sasa piga hesabu ya mama aliyeamka saa 12 asubuhi kuandaa watoto wa shule na kuingia naiti saa 2 usiku. Saa 5 usiku ameshafika hizo 17.

Baba Rehema:
Dada, pole, lakini mimi naongea kama mzazi. Binti yangu alilazwa na malaria kali. Saa 9 usiku dripu imekwisha, damu inapanda kwenye mrija, mama yake anahangaika na korido nzima. Nesi kajifungia chumba cha dawa, kajifunika kanga mpaka kichwani. Mke wangu kagonga mpaka mkono ukauma. Leo mnataka hiyo iwe haki? Mlinzi wa geti akikutwa kasinzia anafukuzwa asubuhi hiyo hiyo. Na dereva wa basi la usiku naye tumpe nusu saa?

Nesi wa Usiku (mleta mada):
Kaka, hapo kwenye basi umenisaidia mwenyewe. Tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena 2023, safari ndefu inatakiwa madereva wawili. Mmoja yuko kwenye usukani, mwenzake anapumzika. Sijasikia abiria akilalamika kwamba dereva wa pili kalala. Wa kutisha ni yule wa peke yake anayejipiga makofi ya mashavu kuanzia Morogoro.

Huyo wa kwenye chumba cha dawa simtetei, mlango haufungwi. Ila kajifungia kwa nini? Kwa sababu kulala ni kosa, na kosa linafichwa. Likishafichwa hakuna anayejua nani yuko macho. Sisi ilishatutokea: tulikuwa wawili, kila mmoja akiamini mwenzake anaangalia.

Mkazi wa Buza:
Tuambiane ukweli. Wanatoka naiti saa 2 asubuhi, saa 3 wako zahanati binafsi wanachoma sindano. Usiku wanakuja kwetu kulala. Hiyo ni tamaa, haitafutiwi kitanda.

Nesi wa Usiku:
Hii ndiyo imeniuma, kwa sababu nimeifanya miaka miwili. Sheria ya Ajira ya Tanzania ya 2004 inasema kazi isizidi saa 12 kwa siku wala 45 kwa wiki bila ovataimu, na mtu apumzike saa 12 mfululizo kabla ya kurudi. Kwenye karatasi mwajiri wangu alikuwa safi. Mwenye zahanati naye alikuwa safi, kwake nafanya saa sita tu. Aliyejumlisha ni mwili wangu. Na kwa sheria hiyo hiyo nyongeza ya kazi ya usiku inaanzia asilimia 5: kama saa yako moja ni shilingi 4,000, unakeshea 200. Iite tamaa. Mimi nilikuwa naiita kodi ya nyumba.

Lakini nakubali, mtu wa namna hiyo nusu saa haimwokoi. Nami sikuacha kwa busara. Niliacha siku niliyosinzia nyuma ya bodaboda, kijana wa watu akaniwahi kwa mkono.

Hata ukienda nyumbani, unalala wapi? Saa 5 mchana bati linalia kwa jua, jirani anajaribu spika, mama mkwe anagonga taratibu kukuuliza kama umelala.

Daktari wa Kaunti:
Salamu kutoka Kenya. Marekani walishtuka baada ya Libby Zion, msichana wa miaka 18, kufariki hospitalini New York mwaka 1984 akihudumiwa na madaktari walio mafunzoni waliokuwa kwenye zamu ndefu mno. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari, hakunyamaza. Mwaka 1989 jimbo likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki, na nchi nzima ikafuata 2003. Saa 80, na waliona wamepunguza!

Ila sista, rekebisha hiyo nusu saa yako. Mtu akiamshwa kutoka usingizi mzito anakuwa kama zuzu kwa muda, na hapo ndipo mnamkabidhi sindano? Alale dakika 20 hivi, aamke, anawe uso, atembee wodi nzima kwanza. Dawa baadaye. Ukivuka nusu saa unaingia usingizi mzito na kuamka kunakuwa kazi zaidi.

Nesi wa Usiku:
Dokta, hiyo nimeichukua. Dakika 20, na kumi za kuzinduka.

Mkunga wa Zahanati:
Nawasoma tu. Mnaongea ya wodi yenye manesi wawili. Huku kwetu usiku niko mimi. Leba mimi, mapokezi mimi, dirisha la dawa mimi, na mlinzi ananishikia tochi umeme ukikatika. Rosta ina jina moja. Mwenzangu wa kubaki macho ni nani, mlinzi?

Nesi wa Usiku:
Shoga, kwako sina jibu. Sitakudanganya kwamba dakika 20 zitaziba nafasi ya mtu ambaye hajaajiriwa. Ninachoweza kusema, lala mchana kabla ya kuingia, hata saa moja na nusu, na hata hilo najua nalisema kirahisi.

Baba Rehema:
Nimerudi. Nikubali hizo dakika 20, lakini kwa sharti. Jina la aliye macho liandikwe ubaoni wodini, pale ambapo mama wa mtoto analiona, na dawati lisibaki tupu. Rosta ya ofisini hainisaidii saa 9 usiku.

Nesi wa Usiku:
Hilo naliafiki, na ni bora kuliko nililoleta. Leo naingia, tuko wawili kwa wagonjwa 38. Chaki ninayo. Inchaji, mkuu wa wodi, akilikuta hilo jina ubaoni asubuhi nitawaambia alisemaje.